Nyuma ya ule ukuta kuna nini?

Kwenye tamthilia za Meksiko tulizokuwa tukizitazama jioni, nyumba ya tajiri haikosi ngazi. Ngazi pana, inaanzia katikati ya sebule, inapinda mkono wa kushoto, kisha inapotelea juu. Mama mwenye nyumba akikasirika hupanda ngazi. Mtumishi akileta habari mbaya huteremka ngazi. Hadithi yenyewe mara nyingi ilinipita. Nilichotaka kujua ni kule juu anakokwenda mama yule. Akifika akageuka kulia, kulia kuna nini? Maana kwa jinsi nyumba ilivyoonyeshwa kwa nje, upande huo hakuna chumba. Ukuta umeisha, chini ni bustani.

Televisheni ilikuwa ya jirani, mtaa wa Langoni hapa Lamu, na watoto tulijaa mkekani mbele yake. Nilikuwa na daftari la hesabu lile la vijisanduku. Kijisanduku kimoja nilikihesabu hatua moja, nikachora sebule, nikachora mlango, nikachora ngazi, kisha nikajaribu kuviunganisha na jiko tulilooneshwa jana yake. Umeme ukikatika wenzangu walilalamika, nami nikawasogelea wakubwa waliowasha kandili ili nichore picha ingali kichwani. Wakati huo ndio mabishano yalipopamba moto. Mmoja anasema jiko liko nyuma ya ngazi, mwingine anaapa kwamba aliona mtu akitoka jikoni kupitia mlango wa karibu na dirisha. Tulikuwa tukitafuta ushahidi, na ushahidi ulikuja tu kipindi kikirudi.

Bibi yangu hakuwa mtu wa televisheni, lakini ramani zangu alizipenda sana. Alizileta karibu na uso, akaziuliza maswali ya mwenye nyumba.

"Mgeni huketi wapi?"

"Hapa sebuleni, bibi."

"Na mtu akifungua mlango wa njiani, huona nani?"

"Huona wote waliomo."

"Wote? Na wanawake pia? Haya. Na choo ki wapi, mwanangu?"

Choo sikuwa nacho. Nilikaa nikikisubiri kipindi baada ya kipindi, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kwenda chooni katika nyumba ile kubwa.

Maswali ya bibi yalitokana na nyumba aliyozaliwa. Nyumba ya kale ya mawe hapa kwetu hupangwa kwa kumtenga anayetoka njiani kidogo kidogo. Kwanza ni daka, lenye mabaraza ya mawe pande mbili. Kisha mlango. Ukivuka mlango umo tekani, na hapo njia hupinda, ili anayepiga hodi asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya tekani ni kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, na kutoka kiwandani unaingia vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani penyewe, penye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kila hatua sakafu inainuka kidogo. Mgeni wa kiume huishia dakani, au hupandishwa sabule, yaani chumba cha wageni. Kwa hiyo mtoto aliyekulia humo, akiona kwenye televisheni mlango wa njiani unafunguka na hapo hapo yuko mtu kalala kwenye kochi, lazima ashtuke. Katika ramani zangu za mwanzo niliwawekea watu wa Meksiko tekani. Niliona haiwezekani wasiwe nayo, labda kamera imepita haraka tu.

Miaka ilivyokwenda nikapata utaratibu wangu, na huo ndio ninaotumia mpaka leo. Sianzi na kuta. Naanza na milango, kwa sababu ukuta unaweza kuonyeshwa nusu lakini mlango lazima mtu apite. Natazama bawaba ziko upande gani na mlango unafungukia wapi. Mtu akitoka jikoni kwa mlango wa kushoto, huingia sebuleni kutokea wapi? Haya mawili yakipatana, vyumba viwili vimeshikana. Pili, madirisha. Dirisha lenye mwanga wa jua ni shahidi mkubwa kuliko wote, kwa maana linasema kwamba nyuma ya ukuta huo ni nje, hakuna chumba. Nyumba nyingi za televisheni hukwama hapo. Utaona dirisha zuri, pazia linapepea, na ukuta huo huo ukiufuata kwa hesabu ya milango unakuta ndio unaopakana na chumba cha watoto.

Kipimo nakipata kwa vitu ambavyo mwili wa mtu umeshaviamua. Mlango una urefu wa mita mbili hivi. Kitanda ni futi sita na kitu. Kidato cha ngazi ni kama sentimita 17 au 18, basi ili kupanda ghorofa yenye urefu wa mita 2.7 unahitaji vidato 15. Hesabu vidato vya ngazi utakazoziona leo usiku. Utakuta saba, nane, na mtu keshafika juu.

Baadaye, nilipokwisha kuingia kazi hii ya kuchora ramani, nilisoma jinsi nyumba hizo zinavyotengenezwa, na mambo mengi yakakaa sawa. Mwaka 1951 huko Marekani kilianza kipindi cha I Love Lucy, na mpiga picha wake Karl Freund alipanga taa na kamera tatu za filamu ili zichukue tukio moja kwa wakati mmoja, watazamaji wameketi mbele wakicheka. Utaratibu huo ukaenea. Ili kamera na watazamaji waone, nyumba lazima ikose upande mmoja. Vyumba hupangwa kwa safu, jiko kando ya sebule na sebule kando ya chumba cha kulala, vyote vimetazama upande mmoja. Ndiyo maana makochi yote yamegeukia kwetu. Ndiyo maana watu watano wanakula kwenye meza ya duara huku upande mmoja ukiwa mtupu, hakuna anayetupa kisogo. Hapa kwetu sinia likiwekwa chini watu hulizunguka lote, na wa sita akifika wengine husogea. Upande mtupu ungemfanya bibi aulize nani hajaja.

Kuta za studio ni za plaiwudi na huondolewa kamera ikihitaji kupita. Hazina unene. Ngazi nayo huishia kwenye jukwaa dogo nyuma ya pazia, na mwigizaji akifika pale huteremka kwa ngazi ya mbao upande wa pili, akasubiri zamu yake. Niliposoma hilo nilifurahi kweli. Vijisanduku vyangu vilikuwa vimesema kweli: kulia hakukuwa na kitu.

Ila lililonigusa kuliko yote ni habari ya dari. Nyumba za studio hazina dari, kwa sababu huko juu ndiko zinakoning'inia taa na vinasa sauti. Kwa mtu wa Lamu hili ni jambo kubwa sana. Nyumba zetu za kale zimeamuliwa na dari. Sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake. Ndiyo maana chumba cha kale hakizidi upana wa mita mbili na nusu au tatu hivi, hata awe tajiri namna gani mwenyewe. Urefu unaweza kuongeza utakavyo, upana haukubali. Mikoko ndiyo iliyotukatia vyumba. Na juu ya boriti kuna mawe, chokaa na watu, mzigo wote huo unashuka kwenye ukuta wa matumbawe wenye unene unaokaribia nusu mita. Sasa tazama sebule ya tamthilia, mita nane kwa kumi, hakuna nguzo, hakuna boriti, na juu yake tunaambiwa kuna vyumba vitatu vya kulala. Siku hizi nikichora nyumba ya televisheni naanza na swali hilo: ni nini kinachobeba? Jibu likikosekana, ujue uko studio.

Wako wenzetu duniani wanaofanya kazi hii kwa ufundi mkubwa. Mhispania Iñaki Aliste Lizarralde amejulikana kwa ramani za nyumba za vipindi mashuhuri, anazozichora kwa mkono na kuzipaka rangi, mpaka mikeka na viti vimo. Nawaheshimu sana watu wa namna hiyo. Hata watengenezaji wenyewe hujikuta wamebanwa na maswali kama yetu. Katika kipindi cha Kimarekani cha Friends, fleti ya mhusika Monica ilianza na namba 5 mlangoni, kisha ikageuzwa kuwa 20, kwa sababu nyumba yenye namba ndogo kama hiyo haikupatana na kuwa ghorofani.

Lakini kisa ninachowasimulia watu zaidi ni cha nyumba ya The Brady Bunch, kipindi kilichooneshwa Marekani kuanzia 1969 hadi 1974. Baba wa familia ile, kwenye hadithi, ni msanifu majengo. Nyumba iliyoonyeshwa kwa nje ni ya kweli, iko mtaa wa Studio City mjini Los Angeles, nyumba ya chini chini, ya watu wa kawaida. Ndani ilikuwa kitu kingine kabisa, iliyojengwa studio, na ngazi yake maarufu sebuleni inayopanda kwenye vyumba ambavyo ukisimama njiani huoni pa kuviweka. Kwenye picha za nje walibandika dirisha la uongo ukutani ili ionekane ina ghorofa upande ule. Na bafu la watoto sita wa nyumba ile halikuonyeshwa na choo. Bibi angelitambua siku ya kwanza.

Mwaka 2018 kampuni ya televisheni ya HGTV iliinunua nyumba yenyewe kwa dola milioni 3.5, ikaamua kuifanya ndani iwe kama ile ya studio. Hapo ndipo hesabu ilipodai haki yake. Ili vyumba vyote vienee bila kubadilisha sura ya njiani, walilazimika kuongeza futi za mraba zipatazo 2,000 upande wa nyuma. Yaani ndani ilikuwa imebeba nyumba karibu ya pili ambayo nje haikuwahi kuwa nayo. Mwaka 2023 waliiuza kwa dola milioni 3.2, chini ya bei waliyoinunulia, achilia mbali gharama za ujenzi. Mimi siwacheki. Watu waliipenda ramani kiasi cha kutaka kuikanyaga kwa miguu yao, na ninaelewa kabisa hamu hiyo.

Mazoezi yale ya utotoni yalinifaa zaidi kuliko nilivyotarajia nilipoanza kufuatana na ami yangu, ambaye ni mwashi wa nyumba za kale. Alinichukua nimpimie nyumba moja Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale, nyumba ya watu waliokuwa wakitaka kupanua chumba cha ndani. Tulipima nje, kando ya kichochoro, tepu ikikwama kila punda anapopita. Tukapima ndani, chumba kwa chumba, tukaongeza unene wa kuta. Hesabu mbili hazikukutana. Ndani kulipungua zaidi ya mita moja.

"Rudi kapime," akasema ami.

Nikarudi nikapima, na mita ile bado imepotea. Kwa nyumba ya televisheni ningejua mara moja: hakuna kitu pale, ni plaiwudi. Lakini hapa nimesimama mbele ya ukuta wa mawe, na nje nimeshauona ukiendelea. Nikaanza kuutazama ule ukuta kama nilivyozoea kutazama skrini, nikitafuta shahidi. Zidaka zilikuwa safu tatu. Safu mbili zilikuwa na kingo zilizochongwa kwenye lipu ya chokaa, laini, zimeliwa kidogo na miaka. Ya tatu, iliyo karibu na pembe, kingo zake zilikuwa kali na rangi yake ya kijivu. Niligusa kwa ukucha. Simiti. Chini yake ukuta ulikuwa na ukungu na unga mweupe wa chumvi, kwa sababu simiti hufungia unyevu ndani ya matumbawe, wakati chokaa huuacha ukuta upumue. Mtu alikuwa ameziba kitu pale na akaweka zidaka juu yake ili ukuta ufanane.

Jibu tulilipata nyumba ya pili. Bi mkubwa mmoja alituketisha, akatuletea kahawa, akatueleza bila kufikiri sana kwamba pale palikuwa na ngazi. Ilipanda hadi wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba za ndugu, ili wanawake wapite upande mmoja hadi wa pili bila kushuka njiani. Mirathi ilipogawanywa, chini kukawa kwa huyu, juu kukawa kwa yule, ngazi ikazibwa, kila mmoja akafungua mlango wake. Mita yetu haikupotea. Ilikuwa upande wa watu wengine, na kwa juu ilikuwa imebeba kitanda cha mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama Lamu kwa jicho jingine. Nyumba ya televisheni haifungi hesabu kwa sababu nyuma ya ukuta hakuna kitu. Nyumba yetu haifungi kwa sababu nyuma ya ukuta kuna watu. Huwezi kuchora ramani ya nyumba moja Mkomani ukamaliza, kwa kuwa chumba chako cha juu huenda kikawa juu ya ghala la jirani, na ukuta wako wa kulia ndio wake wa kushoto, na boriti zako zimeegemea haki yake. Ramani alizozichapisha Usam Ghaidan mwaka 1975 katika utafiti wake wa mji huu huwa nazifungua mara kwa mara, na kinachonivutia ni jinsi nyumba zinavyoingiana. Sheria nazo zipo, Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 na ukuta wa kale haubomolewi kienyeji. Hata hivyo, sababu inayonizuia mimi kugusa nyundo ni yule bi mkubwa na kahawa yake. Ukitaka kujua nyuma ya ukuta kuna nini, kapige hodi upande wa pili. Wale wenye nyumba waliacha kupanua. Walibandua simiti, wakarudisha lipu ya chokaa, na unga wa chumvi ukapungua.

Kazi nyingi ninazopata sasa lakini si za Mji wa Kale, ni za vijana wanaojenga pembeni, kwa matofali na zege. Huja na simu mkononi. "Tunataka kama hii," wanasema, na picha ni ya tamthilia. Wengine katika kazi hii huwakatisha tamaa. Mimi siwezi, nyumba hizo nimezichora tangu sijui kusoma vizuri, na zina mambo mazuri, zina mwanga na nafasi ya watu kuonana. Ninachofanya ni kuwaomba waiingie. Haya, unatoka sokoni, umeshika mfuko wa samaki, fungua mlango. Nani anakuona? Wageni wa mumeo wameketi pale, wewe unapita wapi kufika jikoni? Kaskazi inavuma, samaki yuko kaangoni, harufu inakwenda wapi? Bibi mzaa mume amekuja kukaa mwezi mzima, usiku anaamka, choo kiko wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa na mke na mume wa Wiyoni. Walitaka mlango ufungukie sebuleni moja kwa moja na jiko liwe wazi, lina kaunta tu. Tulibishana siku nzima, kwa heshima na kwa vikombe vya chai. Kwenye mlango wamekubali ukuta mfupi unaoilazimisha njia kupinda. Sikuuita tekani, mama yake mume ndiye aliyeuita hivyo alipoiona ramani, akasema hapo sasa atakuja kukaa. Jiko wamekataa kulifunga, na sababu ya mke ilinishinda: hataki kuwa peke yake saa zote anazopika. Basi tumelihamishia upande wa magharibi, kwa kuwa kusi na kaskazi zote hutujia kwa upande wa mashariki, zipite sebuleni kwanza ndipo zifike jikoni na kutoka na moshi kwenye dirisha la mwisho. Nimeliongeza dirisha hilo upana, na fundi ameanza kuchimba msingi.